Ruta ya jirani ni mlango wako: mwongozo kamili wa kulinda vifaa kwenye mtandao wa jamii

Saa tisa usiku zahanati yetu huwa imefungwa. Kompyuta ya mapokezi imezimwa, na ndani ya jengo hakuna simu ya mtu. Lakini grafu ya matumizi niliyokuwa naitazama ilionyesha ruta ya pale ikituma data mfululizo tangu saa sita. Hakuna aliyeiba nywila ya waifai. Nilipoingia kwenye ruta yenyewe nilikuta kazi ya ratiba ambayo hakuna yeyote kati yetu aliyeiweka, ikijirudia kila baada ya dakika chache, na huduma ya kupitisha mawasiliano ya watu wengine ikiwa imewashwa. Jina la kuingilia lilikuwa admin. Nywila ilikuwa ile ile iliyotoka nayo dukani. Niliyeifunga ukutani ni mimi mwenyewe, miezi saba kabla, giza likiingia, nikisema kesho nitarudi kuibadilisha.

Tangu siku hiyo sifungi ruta bila kufuata utaratibu ninaouandika hapa. Nimeuandika kwa ajili ya watu wanaotunza mitandao ya jamii: ile ambayo kijiji, mtaa au shule kadhaa hujiwekea antena zao na kugawana intaneti. Kondoa kule Dodoma upo wa namna hiyo. Kibera, Nairobi, TunapandaNET inaunganisha shule na vituo vya jamii. Gulu, kaskazini mwa Uganda, wapo BOSCO, na kisiwa cha Idjwi ndani ya Ziwa Kivu kilipata wake unaoitwa Pamoja Net. Tofauti yetu na kampuni ya simu ni moja kubwa: vifaa vyetu viko juu ya mapaa ya watu, vimenunuliwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, na vinapitishiana mawasiliano. Ruta moja ikitekwa, aliyeiteka anakuwa tayari yuko ndani ya uzio wetu sote.

Anza na daftari

Huwezi kulinda kifaa usichojua kama kipo. Chukua daftari, au faili la jedwali, uandike kila ruta, kila antena na kila swichi: mahali ilipo, aina yake na toleo la kifaa chenyewe kama lilivyo kwenye lebo ya chini (v9 na v11 za ruta moja zinaweza kuhitaji programu tofauti kabisa), anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao), anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe), toleo la programu endeshi, tarehe iliposasishwa mara ya mwisho, na nani ana ufunguo wa chumba au ngazi ya kupandia. Usiandike nywila humo. Hilo daftari litazunguka mikononi mwa watu.

Sisi tulipofanya hesabu hiyo tulidhani tuna vifaa kumi na vinne. Vilikuwa kumi na tisa. Vitano vilikuwa ruta ndogo za nyumbani ambazo watu walizichomeka wenyewe ili waifai ifike chumbani, na tatu kati ya hizo zilikuwa wazi kabisa.

Tengeneza mezani kabla ya kupanda juu ya paa

Kifaa kipya kisiende kwenye mlingoti kikiwa kama kilivyotoka kwenye boksi. Kiweke mezani, unganisha kompyuta yako kwa kebo, na usikipe intaneti mpaka umemaliza. Kila mtengenezaji ana mazoea yake, na wavamizi wanayajua kuliko sisi. Antena nyingi za Ubiquiti za zamani huanza na anwani 192.168.1.20, jina ubnt na nywila ubnt. MikroTik huanza na 192.168.88.1 na jina admin, na za zamani hazina nywila kabisa. Mpya huja na nywila yake kwenye lebo. OpenWrt, programu endeshi huria inayowekwa badala ya ile ya kiwandani, ikishawekwa upya hupatikana kwenye 192.168.1.1 bila nywila yoyote, ndiyo maana ukurasa wake wa kwanza hukukumbusha uiweke. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani kama hizi, sitini hivi tu.

Nywila ya usimamizi iwe ndefu, herufi kumi na sita au zaidi, na kila kifaa kiwe na yake. Najua hili linachosha. Watu wengi huweka moja kwa vifaa vyote ili wasisahau, na hapo aliyeipata kwenye ruta ya dukani ameshafika kwenye mnara mkuu. Tumia KeePassXC: ni programu ya bure, haihitaji intaneti, inakutungia nywila na kuzihifadhi kwenye faili moja lililofungwa kwa nywila moja kuu. Hiyo kuu ndiyo ya kukariri. Unganisha maneno matano au sita ya Kiswahili yasiyohusiana, yasiwe mstari wa wimbo wala methali, na hutaisahau.

Kama kifaa kinaruhusu, fungua akaunti yenye jina lako, kila fundi na ya kwake, kisha futa au zima admin. Siku likitokea jambo, kumbukumbu itaonyesha ni akaunti ya nani iliyotumika. Kwenye OpenWrt nenda hatua moja mbele: weka ufunguo wako wa SSH (njia iliyofichwa ya kuingia kwenye kifaa na kukipa amri) kwenye faili la /etc/dropbear/authorized_keys, hakikisha unaingia nao, halafu zima kabisa kuingia kwa nywila:

uci set dropbear.@dropbear[0].PasswordAuth='off'
uci set dropbear.@dropbear[0].RootPasswordAuth='off'
uci commit dropbear
/etc/init.d/dropbear restart

Usifunge dirisha ulilonalo kabla hujafungua la pili na kuona ufunguo unakubali.

Kusasisha, na kwa nini peke yake hakutoshi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mitandao mingi ya jamii inapoumia.

Mwezi Mei 2016 mdudu wa kompyuta alienea kwenye antena za Ubiquiti zenye mfumo wa airOS katika nchi nyingi, akawaharibia watoa huduma wadogo mipangilio yao. Hakuhitaji nywila, alipitia kasoro kwenye ukurasa wa usimamizi. Dawa ya kasoro ile ilikuwa imetolewa karibu mwaka mzima kabla. Walioumia ni wale waliokuwa hawajasasisha na waliokuwa wameuacha ukurasa huo unafikika kutoka nje.

Kisa cha pili kina funzo gumu zaidi. Aprili 2018 MikroTik walitoa marekebisho ya kasoro ya Winbox, programu yao ya kusimamia ruta, iliyomwezesha mtu wa nje kusoma faili la watumiaji ndani ya ruta, pamoja na nywila zao. Watu wakasasisha, wakashukuru, wakaendelea na kazi. Mwaka 2021 ukazuka mtandao wa ruta zilizotekwa ulioitwa Mēris, na MikroTik wakaeleza kwamba ruta nyingi zilizohusika ni zile zilizoingiliwa tangu 2018. Zilikuwa zimesasishwa, lakini nywila hazikubadilishwa. Mwizi alikuwa ameshachonga ufunguo wake. Kubadilisha kitasa cha dirisha kusingemzuia kuingia mlangoni. Kwa hiyo kila unaposasisha ruta iliyokuwa na kasoro inayojulikana, badilisha nywila zake siku hiyo hiyo, na uangalie kama kuna kitu kilichoachwa ndani.

Kazi yenyewe tunaifanya hivi. Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji au ya OpenWrt peke yake, kamwe si kutoka kundi la WhatsApp hata kama aliyelituma ni fundi mzuri. Kokotoa alama yake ya utambulisho kwa amri ya sha256sum, uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye tovuti; zikitofautiana, faili si lile. Hifadhi nakala ya mipangilio. Fanya asubuhi, betri zikiwa zimejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika programu, ruta inaweza isiwake tena. Anza na kifaa cha mbali kabisa, urudi ukija karibu. Ukianza na cha karibu kikakwama, umejikatia njia ya kufikia vyote vilivyo nyuma yake. Na awepo mtu chini ya mlingoti, mwenye ngazi.

Kwenye MikroTik kuna hatua mbili na wengi huisahau ya pili: /system package update install, kisha ikishawaka, /system routerboard upgrade na kuiwasha upya.

Neno kuhusu ruta za msaada. Wafadhili na ndugu walioko nje hutuletea ruta zilizotumika, na tunazipokea kwa moyo mmoja. Lakini zipo nyingi, kwa mfano matoleo mengi ya TL-WR841N ya TP-Link, zenye hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32 tu. OpenWrt waliacha kuzitengenezea programu baada ya toleo la 19.07, ambalo nalo lilifikia mwisho wa matunzo mwaka 2022. Ruta ya namna hiyo sasa haipati dawa ya kasoro mpya. Mimi siiweki tena mahali inapokutana na watumiaji wala na intaneti; naitumia darasani kufundishia vijana kuweka programu, kazi inayoifaa sana.

Funga milango usiyoitumia

Ruta huja na huduma nyingi zimewashwa ambazo hujawahi kuzihitaji. Telnet, huduma ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, hupeleka nywila bila kuificha. FTP, ya kuhamisha faili, vilevile. Kwenye MikroTik, angalia kwa /ip service print, kisha:

/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl
/ip service set winbox,ssh address=10.20.99.0/24

Mstari wa pili unasema: Winbox na SSH zikubali tu wanaotoka kwenye mtandao wa usimamizi. Badilisha anwani ziwe zenu. Kabla ya kuandika mstari huo bonyeza Ctrl+X kuingia kwenye hali ya usalama ya MikroTik. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya, muunganisho wako ukikatika mabadiliko yote hurudi kama yalivyokuwa. Hali hiyo imeniokoa kupanda kilima kwa miguu zaidi ya mara moja. Ukimaliza salama, bonyeza tena Ctrl+X ili yabaki.

Zima UPnP, inayoviruhusu vifaa kujifungulia milango kwenye ruta, na uzime WPS. WPS ni ile ya kuunganisha simu kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba nane. Mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huzithibitisha namba hizo kwa vipande viwili, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo badala ya kubahatisha mamilioni mtu anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000. Hayo ni kazi ya saa chache, hata nywila yenu ya waifai iwe ndefu namna gani.

Jambo jingine ninalolikuta kila ninapoitwa kusaidia: ruta inayojibu maswali ya DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kutoka kwa dunia nzima. Mtu ameruhusu maombi ya mbali ili wanakijiji wapate majina haraka, akasahau kuzuia upande wa intaneti. Ruta hiyo inakuwa silaha ya kuwapiga watu wengine, na bando lenu linaisha bila ninyi kujua. Sheria ni kuzuia kila kitu kinachoingia kwenye ruta yenyewe kutoka upande wa intaneti, isipokuwa majibu ya mawasiliano mliyoyaanzisha ninyi. Mkihitaji kuitunza kutoka mbali, kwa mfano fundi wenu amehamia Mwanza, mpeni njia ya WireGuard (VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa), msifungue Winbox kwa dunia.

Waifai ya watumiaji

Weka WPA3, kinga mpya ya waifai, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama kuna simu za zamani, na kwetu zipo nyingi. Faida ya WPA3 ni ya wazi hasa kwa mtandao wa jamii: kwenye WPA2, yeyote mwenye nywila ya pamoja anaweza kunasa simu ya jirani inapounganishwa na kuyafungua mawasiliano yake ya hewani. Kwenye WPA3 hawezi. Na nywila ya shule nzima, tuseme ukweli, inajulikana na mtaa mzima.

Wanaotumia vocha waelewe jambo hili: ukurasa wa kuingiza vocha hutoa ruhusa, haufichi kitu. Waifai isiyo na nywila yenye ukurasa wa vocha inasomeka hewani. Pia mtu akinakili anwani ya MAC ya simu iliyolipiwa anaweza kutumia vocha ya mwenzake. Mama mmoja wa genge aliniambia, "Mwanangu, nimenunua ya siku nzima, saa nne tu imekwisha." Hakuwa amekosea hesabu.

Halafu watenganishe watumiaji. Simu ya mteja wa dukani haina sababu ya kuiona kompyuta ya mhasibu wa shule. Kwenye OpenWrt ni isolate '1' kwenye kila waifai. Kwenye MikroTik za mfumo wa zamani unaondoa alama ya Default Forward. Hii hutenganisha walio kwenye ruta moja tu, si walio kwenye ruta mbili zilizoungwa pamoja, kwa hiyo jaribu mwenyewe: chukua kompyuta mbili, moja kwenye ruta hii na nyingine kwenye ile, zipigiane ping. Zikijibizana, bado una kazi.

Gawa mtandao angalau mara tatu kwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya vifaa vile vile: watumiaji wa kawaida, taasisi kama zahanati na shule, na usimamizi wa vifaa. Zahanati ina taarifa za wagonjwa; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina ya 2022, na zote zinamgusa anayezihifadhi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, jina la mgonjwa na ugonjwa wake si vitu vya kupita wazi juu ya mapaa.

Njia kati ya mlingoti na mlingoti nayo ifungwe kwa WPA2 au WPA3 na ufunguo wake tofauti. Wanaotumia mesh ya 802.11s (ruta zinazopitishiana mawasiliano zenyewe kwa waifai) kwenye OpenWrt wajue kwamba kifurushi cha wpad-basic kinachokuja nayo (kwenye matoleo mapya, wpad-basic-mbedtls) hakifungi mesh. Ondoa hicho uweke cha wpad-mesh kinacholingana nacho (kwa mfano wpad-mesh-mbedtls), kisha chagua SAE, ufungaji unaotumiwa na WPA3.

Kitufe kidogo cha nyuma

Yote hayo huvunjwa na mtu mwenye kijiti cha kiberiti. Kubonyeza kitufe cha nyuma kwa sekunde kadhaa kunairudisha ruta kiwandani, bila nywila yako wala sheria zako. Mara nyingi hafanyi kwa ubaya. Intaneti imegoma na mtoto ameona kwenye video. Weka ruta ndani ya kisanduku chenye kufuli, juu kuliko mkono unavyofika, na uandike nje namba ya simu ya kupiga ikigoma. Tangu tuandike namba, vitufe vimepumzika.

Simu na kompyuta za watu

Hapa sina mengi, ila hili moja ni la lazima. Kompyuta ya shule isiyosasishwa kwa sababu bando ni ghali ni hatari kwa wote. Tengeni saa, kwa mfano saa saba usiku hadi saa kumi na moja, masasisho yapite bila kuhesabiwa kwa mtu. Windows inaruhusu kompyuta za ofisi moja kugawana sasisho lililopakuliwa mara moja. Iwasheni hiyo kwenye maabara ya shule, kwa mtandao wa ndani tu. Kama mmewatenganisha watumiaji, kompyuta za maabara zipeni mtandao wao unaoziruhusu kuonana. Na flashi inayozunguka kati ya duka la uchapaji na ofisi ya mwalimu ichunguzwe kabla ya kufunguliwa.

Ukihisi imeingiliwa

Usikimbilie kitufe. Kwanza chomoa kebo ya intaneti, halafu piga picha za skrini. Kwenye MikroTik angalia /system scheduler print, /system script print, /user print, /ip socks print na /ip proxy print. Ruta za Mēris zilijulikana kwa kazi za ratiba zinazopakua faili kutoka nje, SOCKS iliyowashwa (huduma ya kupitisha mawasiliano ya watu wengine), muunganisho wa VPN wa aina ya L2TP uitwao lvpn, na sheria inayoruhusu poti 5678.

Kuzima na kuwasha hakusafishi. Mwaka 2018 programu hasidi iitwayo VPNFilter iliteka vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta, katika nchi zisizopungua 54, na sehemu yake ya kwanza ilibaki hata ruta ikizimwa. Weka programu upya kabisa: Netinstall kwa MikroTik, sysupgrade -n kwa OpenWrt. Usirudishe nakala kamili ya mipangilio uliyoichukua wakati kifaa kimeshaingiliwa, maana utamrudisha na mgeni. Tumia ile ya maandishi inayotolewa na /export, uisome mstari kwa mstari. Kisha badilisha nywila za kila kifaa kilichokuwa na nywila inayofanana. Toa taarifa kwa kitengo cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao: Tanzania TZ-CERT, Kenya KE-CIRT/CC. Wanapokea hata kutoka kwa wadogo kama sisi.

Kumbukumbu zitakusaidia tu kama saa ni sahihi. Ruta nyingi hazina betri ya saa, umeme ukikatika zinarudi tarehe ya zamani, hata mwaka 1970. Washa NTP, inayosahihisha saa kupitia mtandao, na tuma kumbukumbu zote kwenye kompyuta moja. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyoko ofisini shuleni inatosha.

Nani anashika funguo

Mtu mmoja asishike kila kitu, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu watu huugua na huhama. Sisi tuko wawili wenye faili la KeePassXC, na nywila yake kuu imeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwenye kabati la chuma la mwalimu mkuu. Kijana mwenzetu alipopata kazi mjini tuliagana naye vizuri kwa chai, na jioni hiyo hiyo tukafuta akaunti yake na ufunguo wake wa WireGuard. Alikuwa anajua tutafanya hivyo. Tulikuwa tumeliandika kwenye kanuni tangu siku anajiunga.

Siku nilipompelekea bahasha, Mwalimu aliigeuza mkononi, akaniuliza, "Fundi, na ikitokea nimeifungua?"

"Ukiifungua, Mwalimu, nipigie kabla hujaisoma. Tutaingia pamoja, na kabla ya jua kuzama nitakuletea nyingine."